Vairasi Mia Nne na Thelathini na Saba

Wiki iliyopita nilimkabidhi Mercy funguo za duka, bisibisi zangu nne, brashi ya rangi ninayofagilia vumbi ndani ya kompyuta, na ile flashi nyekundu niliyoifunga uzi ili isipotee. Yeye na wenzake wawili wakaniuliza, "Sasa Mama, hutuachii hata maneno?" Nikawaambia maneno yangu ni marefu, wanunue soda. Hawakununua. Basi nayaandika.

Vyeo naviruka, kwa kuwa tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho nilikuwa na cheo kimoja tu: yule mama wa kompyuta. Mshahara nao nauruka, na wenyewe uliniruka mara nyingi. Ninachotaka mjue ni habari ya orodha ya ng'ombe wa Mzee Parsimei wa Kajiado, ambayo nusura niifute kwa kidole hiki cha kulia. Na aliyeitia hatarini tangu mwanzo hakuwa mwingine, ni mimi.

Shule niliiachia darasa la saba. Sikuwa mjinga, nilikuwa mtu wa kutaka kujua kitu kinavyofanya kazi, na nikishajua, naondoka. Niliwapikia githeri wavunja mawe wa machimbo ya Kitengela mpaka nikajua jiwe linavyopasuliwa likatoka limenyooka, nikaondoka. Niliuza mitumba. Nikafunga maua shambani. Nikasuka nywele. Mama yangu alikuwa akiulizwa nafanya kazi gani, anajibu, "Ya juzi au ya leo?"

Siku niliyoingia kwenye kompyuta nilikuwa bado msusi. Nilienda Noonkopir, hapo hapo Kitengela, kutoa kopi ya kitambulisho kwenye saiba, yaani duka la intaneti, ya Mzee Farah, mtu wa kaskazini mashariki ambaye jamaa zake walikuwa wakiuza vitambaa mlango wa pili. Yeye alianza maisha akitengeneza redio. Printa ilikuwa imemeza karatasi na yeye anaitazama kama mtu anayemtazama shemeji mlevi. Nikachomoa kitana changu chenye mkia mrefu, nikauingiza mkia ule ndani, nikaivuta karatasi bila kuipasua.

"Abaayo, wewe ni fundi?" akaniuliza. Abaayo kwao ni dada.

"Hapana. Mimi ni msusi."

"Basi kesho kuja, kuna nyingine nyuma imefunga nywele yote."

Nikaja kesho yake. Nikafikiri nitakaa miezi mitatu.

Mzee Farah alinifundisha mambo mawili kabla hajaniruhusu kushika bisibisi. La kwanza, kompyuta ikilalamika, chomoa intaneti kabla hujafanya lolote. La pili, muulize mwenyewe alibonyeza nini mwisho. Watakujibu hawakubonyeza kitu. Katika miaka yangu yote ya kazi sijakutana na mtu aliyebonyeza kitu. Kompyuta za Kitengela hujibonyeza.

Sasa tuje kwenye aibu yangu. Mwaka ule wa kwanza Mzee Farah alikuwa akitumia antivairasi moja ya kweli, nyenyekevu, isiyo na kelele. Ikikagua kompyuta ya mteja inachukua saa nzima, halafu inasema imepata vairasi watatu, pengine hakuna. Wateja walikuwa wananuna. Mtu ametoka mbali, amekaa kwenye benchi mpaka miguu imekufa ganzi, halafu unamwambia hana ugonjwa?

Mimi, kwa kupekua pekua kwangu, nikaipata nyingine kwenye intaneti, ya bure. Nitaiita Ngao, kwa sababu ilikuwa na picha ya ngao ya dhahabu inayozunguka. Ilikuwa inakagua kompyuta nzima kwa dakika mbili, inalia kama gari la wagonjwa, halafu inaandika kwa maandishi mekundu: vairasi 437. Wateja walifurahi! Mama wa saluni niliyokuwa nikisukia aliita majirani waje waone. "Mia nne! Na hiyo kompyuta nimeifunika na kitambaa kila siku!" Niliiweka kwenye mashine kumi na moja, na nikaanza kusikia nikiitwa daktari.

Aliyeiua ndoto ile ni Mzee Farah. Hakunigombeza. Asubuhi moja alichukua kompyuta, akaifuta yote mbele yangu, akaijaza upya kutoka kwenye diski zake, bila kuichomeka intaneti hata kidogo. Kisha akaniambia, "Weka daktari yako." Nikaiweka Ngao kwa flashi. Dakika mbili. King'ora. Vairasi 437.

Akanywa chai yake taratibu. "Abaayo. Hii mtoto imezaliwa asubuhi, wewe umeona. Mia nne na thelathini na saba imetoa wapi? Kwa mama yake?"

Na kabla ya wiki ile kwisha, Ngao ikaonyesha rangi yake. Mteja akifungua programu yoyote, hata ya kuandika barua, inamzuia: hii imeambukizwa, nunua dawa kamili, andika hapa nambari ya kadi yako ya benki. Ukiifunga inarudi. Mama wa saluni alikuwa ameshaishika kadi mkononi, kilichomwokoa ni kwamba hakuwa na miwani.

Nilidhani nitafukuzwa. Mzee Farah alifanya jambo baya kuliko hilo. Alinipa daftari la wateja, akaniambia niende kwa kila mmoja kati ya wale kumi na moja, niitoe, na nianze kwa maneno haya: "Mimi ndiye niliyeiweka." Vijana, kuna kuchimba mawe, na kuna kusema maneno hayo mara kumi na moja. Nimeyaona kwa karibu yote mawili. Mawe ni laini.

Kuitoa nilijifunza kwa kukosea. Intaneti kwanza, waya au modemu, nje. Kisha unaiwasha kompyuta kwa ile hali salama, inayoamka na vitu vya lazima tu, ili mwongo abaki amelala. Unaangalia orodha ya programu zinazojiwasha zenyewe. Programu ya kweli ina jina na inakaa nyumba inayojulikana. Ya uongo mara nyingi ina jina kama paka amepita juu ya kibodi, na imejibanza kwenye folda ya muda, ile ambayo kompyuta hutupia vitu vya kutumia mara moja. Unalifuta lile agizo la kujiwasha, unaifuta yenyewe, unaangalia kama haijaharibu mipangilio ya kivinjari ili kila ukurasa upitie kwake. Mwisho unakagua kwa antivairasi ya kweli kutoka kwenye flashi iliyojazwa kwenye kompyuta safi. Saa nzima. Mteja anune tu.

Lakini nilikuwa na hatua moja ya kwangu, niliyoibuni mwenyewe na kuipenda kuliko zote. Nikishafika kwenye ile folda ya muda, nilikuwa naifagia yote. Chagua vyote, bonyeza, kwisha. Kwa nini nitafute mwizi mmoja kwenye takataka wakati naweza kutupa takataka zote? Mashine kumi nilizifagia hivyo na hakuna aliyelia.

Ya kumi na moja ilikuwa ya Mzee Parsimei. Alikuwa mkaguzi wa mifugo mpaka alipostaafu, na kompyuta yake niliichanja, kama yeye mwenyewe alivyosema, siku aliyokuja nayo Kitengela kumtembelea mwanawe. Nikampigia simu, nikamwomba ailete.

"Mnyama mgonjwa hatembezwi," akaniambia. "Ataambukiza soko nzima. Daktari ndiye anakuja."

Nikapanda basi la Namanga mpaka Kajiado, na kutoka sokoni pa mifugo nikachukua bodaboda hadi kwake. Ilikuwa Alhamisi. Nilimkuta mlangoni pa stoo, mrefu, shuka begani, fimbo mkononi.

"Takwenya," akanisalimu, kama wanawake wanavyosalimiwa kwao.

"Iko," nikajibu, maana hilo nililijua tangu nikipika machimboni.

Binti yake Naserian, mwalimu, alinipeleka ndani akijizuia kucheka. Kompyuta ilikuwa peke yake kwenye stoo tupu, juu ya debe. Redio imehamishwa. Modemu imefungiwa kwenye sanduku chumba kingine. "Mama, mimi sijachaji simu humu siku tisa," akaninong'oneza. "Baba anasema ni karantini."

Nikacheka naye. Kisha nikaacha kucheka. Siku tisa mashine ile haikuwa imegusa intaneti wala flashi ya mtu. Wale kumi wengine walikuwa wameendelea kuchomeka kila kitu kwa kila kitu. Huyu hapa, aliyedhani vairasi ni kama ugonjwa wa miguu na midomo, ndiye peke yake aliyefanya sawasawa.

Nikasema yale maneno. "Mzee, mimi ndiye niliyeiweka."

"Najua. Nilikuwa nimekaa hapo ukiiweka. Kunywa chai."

Tukiwa kwenye chai nikataka kuwa na adabu, nikamuuliza ana ng'ombe wangapi. Naserian akanikanyaga mguu. Mzee akatazama nje.

"Sisi hatuhesabu ng'ombe, yeyo," akasema bila hasira. Yeyo ni mama. "Jioni nasimama kwa lango. Huyu ameingia, huyu ameingia, yule hayuko. Mtu akikuja na hesabu, hajaona ng'ombe. Huyu daktari wako nilimjua siku ya tatu. Leo mia nne na thelathini na saba, kesho mia nne na thelathini na saba, hakuna aliyekufa, hakuna aliyezaa. Nikamwambia, sawa, taja majina. Akanitajia. Kesho yake akataja wengine, hesabu ni ile ile. Nimekagua mifugo maisha yangu yote. Mwongo kama huyo tulikuwa naye mmoja kazini. Alikuwa anaandika ripoti akiwa hotelini."

Kisha akanieleza kilichokuwa ndani ya ile kompyuta, nikaweka kikombe chini. Jumamosi ile, yaani kesho kutwa, angewaita wazee wa rika lake washuhudie mgawo wa ng'ombe kwa watoto wake watatu: wavulana wawili na Naserian. Wavulana hawakupenda dada yao apewe. Hoja yao ilikuwa kwamba hakuna ajuaye ni ng'ombe gani walitoka kwenye nyumba ya marehemu mama yake Naserian, mmoja wa wake za mzee. Mzee alijua. Mwaka mzima alikuwa ameiandika orodha: kila ng'ombe, rangi yake, mama yake, bibi yake, na nyumba aliyotoka.

"Kwa nini hukuandika kwa daftari?" nikamuuliza.

"Niliandika. Ililiwa na mbuzi."

Naserian akaongeza kwamba yeye ndiye aliyechapa ukurasa wa kwanza, akamtumia baba yake kwa barua pepe, na baba akaendelea mwenyewe, kidole kimoja kimoja. Yeye alibaki na ule ukurasa wa kwanza tu. Jina alilolipa faili hakulikumbuka. "Niliandika kitu cha haraka tu."

Mzee akangoja binti yake atoke na vikombe. Akasema akiangalia mlango, si mimi. "Zamani wote walikuwa hapa," akagusa kichwa. "Siku hizi kuna asubuhi ng'ombe anapita mbele yangu na jina linakataa. Nikisema Jumamosi bila karatasi, watasema mzee amechoka. Na watakuwa hawajadanganya sana."

Nikaanza kazi. Hali salama. Nikatafuta orodha kwenye nyaraka: hakuna. Juu ya skrini: hakuna. Nikaandika ng'ombe, nikaandika mifugo, nikaandika orodha: hakuna. Nikajiambia kwanza nimtoe mwongo, programu ya kuandika ifunguke, huenda orodha ionekane humo. Nikaifuatilia Ngao hadi kwenye folda ya muda. Nikafanya kama nilivyozoea. Chagua vyote. Kidole kikaenda kwenye kitufe cha kufuta.

"Ngoja," akasema Mzee Parsimei, ambaye alikuwa amevuta kigoda na kukaa mlangoni. "Umeshika nini?"

"Takataka tu, mzee."

"Zinaitwaje?"

"Takataka hazina majina."

"Si nimeona maandishi? Hakuna kitu inatoka kwa boma yangu bila kutajwa. Soma."

"Mzee, hizi ni nyingi..."

"Usihesabu. Soma."

Nikasoma. Mnajua majina ya humo, mengi si majina, ni ajali. Nikawa natamka herufi moja moja, yeye anagonga fimbo chini, "Huyo simjui. Aende," nami nafuta mmoja. Mwingine. "Huyo ni wa ukoo gani?" Wa printa, mzee. "Aende." Mwingine. "Huyo je?" Wa picha ya tangazo. "La nini?" La viatu. "Aende haraka." Naserian akaleta chai ya pili, akakaa naye kusikiliza kama kuna mnada. Ikaja chai ya tatu. Nilikuwa nimeshaanza kumchukia mzee huyu kwa moyo wangu wote, na nilikuwa nikisoma kama anayesoma tangazo la mazishi ya mtu asiyemjua.

"Kazi ya baba mpya," nikasoma, na kidole kikawa kinashuka.

"Simama!" Fimbo ikapiga sakafu. "Baba ni mimi."

Naserian akaweka mkono mdomoni. "Wallahi, ni mimi niliandika hivyo!"

Kumbe mzee alikuwa ameifungua ile orodha moja kwa moja kutoka kwenye barua pepe ya binti yake, na kompyuta ikaitupa kwenye folda ya muda kama inavyofanya. Tangu hapo kila jioni aliifungua kwenye ile orodha ya hati za karibuni, akaongeza ng'ombe, akahifadhi, na ikahifadhiwa pale pale. Mwaka mzima wa kazi yake ulikuwa umelala jalalani, na mfagiaji nilikuwa mimi.

Nikainakili kwanza kwenye flashi nyekundu. Majina mawili chini yake nikamkuta Ngao mwenyewe, jina la paka juu ya kibodi.

"Na huyu?"

"Huyu ndiye mwizi, mzee."

Akainuka, akaja, akaweka kidole chake kimoja kwenye kitufe. "Huyu nitamtoa mimi," akasema. Akabonyeza. Ndiye mteja pekee niliyewahi kumwona akibonyeza.

Orodha ilipofunguka, Narok alikuwa wa kwanza, mweusi, binti wa Nado mwekundu, nyumba ya mama Naserian. Mzee aliisoma yote midomo ikicheza. Alipomaliza akasema, "Wako wote."

Jumamosi jioni Naserian alinipigia. Kaka mkubwa alimbishia ng'ombe mmoja, wakasomewa ukoo wa ng'ombe huyo hadi kwa bibi, wazee wakaitikia, wakaenda kula. "Na baba anasema uje, kuna mtamba wako."

Nikaenda kukataa. Nikamwambia Mzee Parsimei kwamba napanga chumba kimoja Noonkopir, sina hata pa kufunga kuku, na mimi si mtu wa kukaa. Mwezi ujao huenda niko kazi nyingine.

"Atakaa na hawa," akasema. "Wewe tembea. Lakini akiwa kwa orodha, lazima awe na mwenyewe. Naserian, andika."

"Jina gani, Baba?"

Akanitazama, na hapo ndipo nilipoona kwamba alikuwa amengoja wiki nzima kulisema. "Vairasi."

Sikuondoka kwenye kazi hii tena. Sijui kama ni kwa sababu kompyuta hazikwishi kujulikana, au kwa sababu ni vigumu kuhamahama ukiwa na ng'ombe. Ngao ilikufa, wakaja ndugu zake. Siku hizi hawajisumbui hata kujiweka ndani ya mashine. Wanakuuliza tu kwenye kivinjari kama unaruhusu taarifa, unabonyeza ruhusu, na kesho simu yako inalia kwamba ina vairasi kumi na tatu. Dawa ni ileile. Mkatie intaneti, mwulize majina, mwangalie kama kesho anataja wale wale. Ruhusa uliyompa mnyang'anye kwenye mipangilio. Na usifagie folda yoyote kabla hujasoma kilichomo, hata mteja anune, hata chai iwe ya nne.

Mercy, kwenye flashi nyekundu kuna faili inaitwa Kazi ya baba mpya. Usiiguse. Mzee Parsimei yuko hai, ila majina mengi yamemtoka, na binti yake humsomea orodha ile asubuhi, taratibu, jina moja moja. Anaitikia kila mmoja. Wakifika kwa Vairasi huwa anacheka, Naserian ananiambia, ingawa hakumbuki tena kwa nini.

Mwezi huu nahamia huko. Vairasi mwenyewe amezeeka, lakini alizaa sana, na binti zake wakazaa. Msiniulize ni wangapi. Njooni jioni wakiingia, nitawatajia majina.